Mzee wa Kuchomoa cha Katikati

Makambako nzima, kuanzia njiapanda hadi kule stesheni ya reli, ukiuliza habari za mzee Hezekia Nyagawa utaambiwa jambo moja: yule haamini rundo. Kwa miaka ishirini na nane alikuwa mpima mbao. Wauzaji walizipanga mbao zao kwa ustadi, zilizonyooka juu, zisizo na fundo pembeni, kisha wakasimama kando wakitabasamu. Hezekia hakuziangalia za juu wala za pembeni. Aliingiza mkono, akaushika ubao wa katikati kabisa, akauchomoa. Ukitoka mzima, alitoa chaki ya bluu mfukoni akaandika H.N. kwenye kichwa chake, na lori likaruhusiwa kupakia. Ukitoka umeoza, muuzaji alijua siku yake imeharibika.

Kazi hiyo ilimpa heshima, na ilimharibu. Mtu huwezi kuchomoa miaka yote hiyo uwanjani halafu ukifika nyumbani mkono ukatulia. Hezekia alifungua magunia ya viazi kutokea chini. Akiandaliwa kuku, aliuliza paja la pili liko wapi kabla hajanawa. Mkewe Cresensia, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka tu. Mtoto wao wa kwanza, Elius, hakucheka.

Miaka sita iliyopita mtu alimnong'oneza Hezekia kwamba Elius, aliyekuwa akisimamia upakiaji, anapunguza mbao na kuziuza pembeni. Baba mwingine angemwita mwanawe faragha amuulize. Hezekia alikwenda uwanjani saa tano asubuhi, mbele ya mnunuzi kutoka Dodoma na wapakiaji wote, akaamuru rundo libomolewe. Zilikuwa mbao mia nne. Zilishushwa moja baada ya nyingine huku Elius amesimama palepale, mikono nyuma. Zikatimia. Hezekia akasema, "Haya, pangeni tena," akaenda kunywa chai. Elius alizipanga zote upya, akamaliza jioni, na kesho yake akadandia lori la Tunduma. Tangu hapo hajalala tena katika nyumba ile. Hezekia naye hakumpigia simu, na ukimuuliza kwa nini, atakuambia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kumtafuta mzazi.

Akabaki Nelly. Huyu alisomea kompyuta, akafungua kibanda cha ufundi Mjimwema, pale Njombe mjini, na chumba chake cha kulala kilikuwa nyuma ya kibanda hichohicho. Mwezi wa nne alimjia baba yake na wazo. Baba alikuwa na chumba kitupu kinachotazama barabara kuu, jirani na gesti ambako madereva wa malori hukaa siku mbili tatu wakisubiri mzigo. Nelly alitaka waweke humo kompyuta moja ya gemu, yenye nguvu, ikiwa na usukani na pedeli, madereva wacheze kwa kulipia gemu ya kuendesha malori.

"Dereva ameendesha lori kutoka Dar, akifika apumzike kwa kuendesha lori?" Hezekia aliuliza.

"Ndiyo, baba. Na tukianza vizuri nitafunga kibanda cha Mjimwema, nihamie hapa tuendeshe wote wawili."

Hezekia alijifanya anafikiri kuhusu madereva. Kumbe alikuwa anafikiri kuhusu neno lile la mwisho. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja, na baridi ya Makambako ikianza, vyumba vitatu vitupu vinatoa ubaridi wao peke yao. Alimtaka binti yake arudi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu mkewe azikwe. Akauza kipande cha shamba la miti ya misindano alichokipanda mwaka Nelly alipozaliwa, na hela yote akasema ni ya mashine.

Ungedhani hapo mambo yatakwenda. Hayakwenda, kwa sababu Nelly alimwonyesha karatasi.

Walikuwa kibandani Mjimwema, Hezekia amevaa sweta mbili na koti. Kwenye karatasi ile Nelly alikuwa ameandika kila kifaa, namba yake ya kiwandani na bei yake. Prosesa, laki tatu. Kadi ya grafiki, laki tisa. Vingine vilifuata chini yake, vidogovidogo. Hezekia aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, kisha machale yakamcheza.

"Mama," alimwambia binti yake, kama alivyozoea kumwita, "prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Hilo nimelisikia hata redioni."

"Ndiyo, baba."

"Inakaa wapi?"

"Katikati ya bodi, chini ya feni."

"Kwa hiyo iko katikati, imefunikwa, haionekani, na ndiyo ya bei rahisi. Halafu hili lidude la kuchora picha, linalokaa waziwazi na mataa yake, ndilo la laki tisa."

Nelly alicheka, maana alimzoea. "Baba, unaikumbuka ile mashine ya dingdong ya kupasulia magogo, aliyoinunua mzee Nikodemo? Alifunga injini kubwa kuliko zote wilayani, halafu akaiwekea msumeno butu. Injini inanguruma, mbao hazitoki. Ndiyo haya. Prosesa inapanga kazi, kadi inachora. Tukimwaga hela zote kwenye prosesa, itakaa inasubiri kadi imalize kuchora. Tukizimwaga zote kwenye kadi, kadi nayo itakaa inaisubiri prosesa. Kwa gemu hii na kioo tulichonacho, prosesa ya kati inatosha. Tunachotaka ni kwamba hakuna anayemsubiri mwenzake."

Hezekia alielewa kila neno, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Katika maisha yake yote, waliokuwa na mbao zilizooza ndio waliokuwa na maelezo mazuri.

Akaingia Sadock. Huyu alikuwa kijana wa jirani na kibanda, muuza vifaa vilivyotumika, na kadi yenyewe ilikuwa yake.

"Kamwene, mzee wangu," alisalimia, na kabla hajajibiwa akaanza kuifuta kadi kwa kitambaa laini. Mtu anayeifuta bidhaa mbele yako, Hezekia alijua, kuna mahali hataki upaangalie.

"Imetumika wapi?"

"Dar, mzee. Kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahariri video. Haijachoshwa kabisa."

"Na wewe unajuaje kama haijachoshwa?"

"Tumeijaribu na Nelly siku tatu mfululizo."

Tumeijaribu na Nelly. Hezekia alilitia neno hilo akilini akalifungia humo. Simu ya Nelly ikaita, naye badala ya kupokea palepale akatoka nje, akasimama nyuma ya mti akaongea kwa sauti ya chini, akicheka mara mojamoja. Aliporudi, baba hakuuliza ni nani, na binti hakusema. Mara mbili zaidi siku hiyo simu iliita, na mara zote mbili Nelly alitoka nje.

Ndani ya basi la kurudi Makambako Hezekia aliijenga picha yake yote. Sadock ana kadi inayomdodea. Nelly ana baba mwenye hela za misindano. Prosesa inashushwa bei ili kadi ipandishwe, faida inagawanywa nyuma ya mti. Alijichukia kwa kufikiri hivyo juu ya mtoto wake, lakini hakuacha.

Asubuhi iliyofuata akaenda kwenye duka moja la simu na kompyuta karibu na soko. Mwenye duka alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma nyingi.

"Mzee, wamekula kichwa chako. Prosesa ndiyo kila kitu. Mimi ninayo hapa ya juu kabisa, laki nane na nusu, ukiweka hii hata kadi ndogo itatosha."

Boksi aliloshika lilikuwa na vumbi la miezi. Hezekia, mtu wa kuona fundo la ubao hatua kumi, vumbi lile hakuliona. Ajabu ya mtu mwenye shaka ni hiyo: anayemshuku ni wa kwake, wa nje akimwambia neno moja linaingia bila kubisha hodi.

"Hata hivyo," mwenye duka akaendelea, "kama mashine imeshafungwa, fungua uangalie namba iliyochorwa juu ya prosesa yenyewe. Siyo kwenye boksi, boksi hubadilishwa. Ikiwa tofauti na ya kwenye karatasi, ujue umepigwa changa la macho."

Hezekia akatoa mfukoni karatasi ya Nelly, akainakili namba ya prosesa kwenye kiganja cha mkono.

Jumamosi Nelly alikuja na mashine imeshakamilika. Akaifunga mezani, akaunganisha usukani, akapanga pedeli sakafuni, kioo kikawaka. Hezekia akatoka kwenda gesti kumwita dereva mmoja aitwaye Hilario, mwenyeji wa Ludewa aliyekuwa akisubiri mzigo wa mbao, aje ajaribu. Alikaa kwa dharau. Baada ya dakika tano alikuwa ameinama mbele, ulimi umetoka pembeni, mvua inapiga kioo cha lori la kwenye gemu na waipa zinafuta. Picha haikukwama hata mara moja. Kwenye kona kali Hilario akaegemea kushoto na kiti chake.

"Mzee, hizi ni kona za mlima Kitonga kabisa!" alipiga kelele. "Kesho ninawaleta wenzangu!"

Nelly aling'aa uso. Alimgeukia baba yake kuona kama naye anang'aa. Baba alikuwa anaangalia mlango wa ubavuni wa kasha la kompyuta. Mlango ule ulikuwa na matundu manne ya skrubu, na Nelly alikuwa amefunga mbili tu.

"Umeridhika, baba?"

"Inaenda."

"Basi wiki ijayo naanza kufungasha vitu vyangu." Akasubiri aone kama baba ana la kuongeza. Baba alikuwa bado anazihesabu skrubu. Nelly akachukua mkoba wake akarudi Njombe.

Mashine ilikwenda vizuri mno. Rundo linalopendeza pande zote ndilo Hezekia alilokuwa akilikazia macho zaidi. Kwa nini skrubu mbili? Kwa nini zile simu za nje? Halafu alipofungua mtoto wa meza kutafuta chaki, kwenye pakiti iliyokuwa na tatu akakuta mbili. Binti yake alikuwa ameketi kwenye meza ile saa nzima. Chaki ni kitu cha shilingi ngapi? Hata hivyo aliikumbuka alipokuwa anakula, akaikumbuka tena alipokuwa anasali.

Jumapili Hezekia hakwenda kanisani. Kengele ya pili ililia, kwaya ikaanza, na yeye, mzee wa usharika aliyekaa benchi la mbele miaka kumi na tano, alikuwa chumba cha mbele, mlango umekomewa, bisibisi mkononi. Alimtuma jirani aseme kifua kinambana. Baridi ya Juni ilikuwa imeganda kwenye vioo na vidole vilikuwa vigumu.

Skrubu mbili zikatoka upesi. Akauondoa mlango wa kasha, na kama alivyozoea kulaza ubao alioukagua, akaulaza sakafuni kifudifudi. Ndani palikuwa pasafi, waya zimefungwa vizuri kwa vibanio. Kadi ilikuwa palepale na jina lake. Hakuihitaji kadi. Alikitaka cha katikati.

Akafungua skrubu nne za feni, akaivuta. Haikuja. Akaivuta tena, akahisi imeng'ang'ania kitu chini. Ubao mbichi hung'ang'ania hivyo katikati ya rundo, na dawa yake ni moja, kukaza mkono na kuvuta kwa mkupuo. Akakaza mkono. Akavuta.

Kitu kikalia tak.

Feni ilitoka, na prosesa imegandana nayo chini yake kwa ile dawa ya kijivu inayopakwa kati yao. Hezekia akaibandua kwa ncha ya kisu, akaipangusa kwa pindo la sweta, akavaa miwani, akasoma namba, akasoma kiganja. Zilikuwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu, herufi ya mwisho na yote.

Akashusha pumzi, akafurahi. Lazima niseme ukweli, kwa muda mfupi alifurahi sana, akamwona Nelly akilini mwake, yuko chumba cha pili anatundika mapazia. Kisha akaigeuza ile prosesa. Upande wa chini ilikuwa na pini nyingi nyembamba kama nywele, na kwenye kona moja zilikuwa zimelala. Alijaribu kuirudisha mahali pake, ikakataa kukaa. Jasho likamtoka na baridi ile.

Akainama kuokota mlango wa kasha, akaugeuza.

Upande wa ndani, kwenye bati jeusi, palikuwa na maandishi ya chaki ya bluu, mwandiko wa Nelly: *Baba, najua utafungua. Kila kitu ni kama nilivyokuambia. Usichomoe cha katikati, kitaharibika. Niite nije nikuonyeshe.*

Hezekia alikaa chini sakafuni. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kuipeleka. Kwaya kanisani, ng'ambo ya barabara, ilimaliza wimbo ikaanza mwingine.

Alasiri alikuwa Mjimwema, kasha amelipakata ndani ya blanketi, prosesa kwenye kopo la dawa lililojazwa pamba. Nelly alikuwa amerudi kutoka ibadani, bado na gauni la kanisani. Alimwona baba yake na blanketi lile akaelewa kabla ya salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Nelly akafungua kopo, akainua prosesa kwenye mwanga wa dirisha. Hakupiga kelele. Hezekia angependa apige.

"Mlango uliusoma?"

"Niliusoma."

"Kabla au baada?"

"Baada."

Nelly akaketi, akachukua sindano na wembe mwembamba, akaanza kuziinua pini zilizolala, moja baada ya nyingine, akipumua kidogokidogo. Ilichukua karibu saa nzima. "Kukiwa na baridi, ile dawa inashika kama gundi," alisema bila kuinua macho. "Ungeiwasha kwanza ikapata moto, ingelegea. Niliacha skrubu mbili ili usipate shida kufungua. Nilijua tu."

"Na zile simu za nje?" Hezekia alisikia mdomo wake ukiuliza, na akatamani alirudishe swali. Hata sasa, na mikono ya mtoto ikiwa kazini, bado alikuwa anachomoa.

Sindano ikasimama.

"Kaka Elius," Nelly alisema. "Gemu ya malori ni wazo lake. Aliiona Tunduma, madereva wanapanga foleni. Akaniambia mpelekee baba, lakini usitaje jina langu, asije akakataa."

Hezekia akatafuta pa kuweka mikono yake.

"Mimi nimejifunza, baba. Nikikuletea kitu, nakuandikia ndani. Kaka hakuandika kitu kwenye rundo lile. Alidhani unamjua."

Nelly akarudi kwenye pini mpaka prosesa ikakaa mahali pake, ikashuka yenyewe bila kusukumwa. Nelly akapaka dawa mpya, akafunga feni, akawasha. Kioo kikawaka. Hezekia akauliza, kwa sauti ambayo wauzaji wa mbao wasingeitambua, kama bado atahamia Makambako.

"Sijui, baba," Nelly akajibu. "Nipe muda nifikiri. Namba ya kaka hii hapa, nimekuandikia."

Alimwandikia kwenye karatasi ileile ya vifaa, chini ya prosesa na kadi ya grafiki.

Jua lilikuwa halijazama Hezekia aliporudisha mashine mezani kwake. Hakuyafuta maandishi ya mlangoni. Alifunga skrubu zote nne, pamoja na mbili alizopewa na Nelly, akaketi kwenye kiti cha madereva, akaiweka karatasi juu ya usukani. Alibonyeza tarakimu polepole, akazikagua mara mbili, akapiga. Simu iliita muda mrefu.

"Shikamoo, baba," ikasema sauti ya Elius, nzito kuliko alivyoikumbuka. Nyuma yake malori yalinguruma. Kisha ikauliza: "Kuna kitu kimepotea?"

Hezekia alishika usukani kwa mkono wa pili, ingawa hapakuwa na gari lolote.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Rundo lilikuwa kamili. Lilikuwa kamili tangu siku ile."